Ruta Zangu Zimeteremkia Kihagara

Jumapili, katikati ya Julai. Mbinga. Ukungu haujanyanyuka tangu asubuhi. Vidole vina ganzi, na moyo hauko mbali na vidole.

Alhamisi iliyopita nilipoteza zamu yangu. Nianze na hilo, waziwazi, nisije nikajizungusha. Ruta mbili na swichi moja ambazo kwa ratiba yetu zilipaswa kuja kwangu Alhamisi jioni ziliteremka ziwani, Kihagara, kwa mwalimu mmoja anayeitwa Tabitha. Na Kandida akateremka nazo.

Ruta nimeshazirudisha. Kandida bado sijui.

Kwa anayeingia kwenye shajara hii ya mtandaoni kwa mara ya kwanza: mimi ni Sabina, fundi. Nina banda la simu na kompyuta karibu na stendi. Shule niliishia kidato cha nne; mengine yote nimejifunza kwa kuharibu vitu vyangu mwenyewe kabla ya kugusa vya watu. Mwaka huu nasomea cheti cha mitandao ya kompyuta, kile ambacho mtihani wake unakaa mbele ya skrini mara moja, unapita au unaanza upya. Kandida ndiye mwenzangu. Anaangalia kompyuta za ofisi moja ya wakulima wa kahawa hapa mjini. Ana diploma, ana kicheko kinachofika mpaka barabarani, na kichwa chake kinashika mambo haraka kuliko changu. Nimeandika. Haikuwa rahisi kuandika.

Tumekubaliana, tukipata vyeti wote wawili, tunafungua kazi yetu. Kutandaza mitandao kwenye shule, zahanati, maofisi, kuanzia huku milimani mpaka ufukweni. Mimi nyaya na hesabu, yeye mipangilio na wateja. Jina la kazi tulishalichagua. Silitaji leo, maana sina hakika kama bado ni letu.

Sasa, kusomea mitandao bila vifaa ni sawa na kujifunza kuogelea hapa Mbinga, mlimani kusiko na ziwa. Unaweza kueleza maji yote duniani na bado ukazama. Kwa hiyo kila anayesomea cheti hiki anajitengenezea karakana ndogo nyumbani, na hapo kuna njia mbili. Unanunua vyuma, yaani ruta na swichi kuukuu, vile visanduku vya kuelekeza data, zilizotolewa kwenye maofisi ya watu. Au unaweka programu kwenye kompyuta, ruta zinakuwa picha tu kwenye skrini lakini zinafanya kazi kama za kweli.

Tulibishana mwezi mzima. Kandida alitaka picha. Mimi nilitaka vyuma.

Hoja zangu zilikuwa za hesabu, si za hasira. Laptopu yangu ina giga nne za RAM. Mfumo wenyewe unakula mbili na ushee kabla hujagusa chochote. Ruta moja ya kwenye skrini inataka kama nusu giga. Nikiwasha tatu, mashine inahema. Ya nne inaganda, na unakaa unatazama mshale ukizunguka. Laptopu ya Kandida ni ya ofisi na haruhusiwi kuweka programu. Upande wa pili, ruta mbili za chuma na swichi zinakula umeme wa kama wati mia. Masaa matatu ya jioni hayafiki hata theluthi ya uniti. Zinapiga kelele, sawa. Lakini haziogopi RAM ya mtu.

Na kuna jambo ambalo halina hesabu. Mimi ni mtu wa kushika. Waya ukikatika nataka niukute umekatika, niuone. Kwenye skrini, waya ni mstari.

Kandida alikubali mwishowe. Tulichanga nusu kwa nusu, mzigo ukaja kutoka Songea ukiwa na vumbi la miaka. Nilizifungua, nikazipuliza, nikabadilisha feni moja. Zikawaka. Kandida aliziba masikio akasema, "Dada Sabi, hizi zinanguruma kama mashine ya kukoboa! Majirani watakuletea kahawa." Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Wazo la ngokela lilikuwa langu. Nataka lijulikane, kwa sababu ndilo lililonigeuka.

Ngokela, kwa asiye wa huku, ndivyo Wamatengo tunavyolima. Leo kikundi kinalima kwa fulani, siku nyingine kinahamia kwa mwingine, mpaka wote wamelimiwa. Anayelimiwa anapika na kutoa kinywaji. Mama yangu mkubwa kule Ruanda, ya hukuhuku Mbinga, hajawahi kumlipa kibarua maisha yake yote, na hajawahi kuwa na shamba lililobaki pori. Nikasema, basi vifaa vyetu viende hivyohivyo. Wiki moja kwa Kandida, wiki moja kwangu. Vinapolala ndipo tunapofanyia kazi, na mwenye nyumba anapika.

Fundi seremala akanitengenezea sanduku lenye mishikio miwili, mmoja kila upande, kwa sababu lilikuwa la kubebwa na watu wawili. Mzigo wote kilo kumi na tisa. Nilipima.

Watu wenye akili zao wangeziweka ruta mezani na kuziacha hapo. Sisi tukazipa miguu.

Sheria tulizitoa kwenye ngokela bila kuziandika. Moja, anayeomba kuendewa hanyimwi. Mbili, mgeni anayetaka kuingia kikundini anaanza kulima kwa wenzake, na zamu yake inakuja mwisho. Hiyo ya pili hatukuitamka hata siku moja. Nani asiyeijua?

Tabitha haijui. Yeye ni mtu wa ziwani.

Alikuja mjini mwezi wa tano kwa semina ya walimu wa kompyuta, Kandida akakutana naye huko, akamleta kwenye zamu ya kwake. Alikaa nasi jioni moja. Alinishikia waya mara moja, nikamwonyesha kubana kichwa cha waya, akabana vibaya, akacheka, akarudia, akabana vizuri. Msichana mzuri, wa miaka ishirini na sita hivi. Hakuna baya nililoliona. Kilichoniuma kilianza baadaye, na hakikutoka kwake, kilitoka mdomoni mwa Kandida.

"Tabi ana laptopu ya giga thelathini na mbili."

"Tabi kaka yake wa Dodoma kampa tu hivihivi."

"Kwa Tabi ruta kumi na mbili zinawaka, huisikii hata feni."

Kila Tabi mmoja aliniingia kama kibanzi. Kumi na mbili kwa nusu giga ni giga sita. Anabaki na ishirini na sita za kuchezea. Mimi nimehesabu giga zangu nne kama mtu anayegawa sukari, na kuna mtu anabakiwa na ishirini na sita kwa sababu kaka yake alinunua nyingine.

Sina kaka Dodoma. Nina banda, na banda nimelijenga ubao kwa ubao.

Huu ni wivu. Najua jina lake, sihitaji kuambiwa.

Basi Alhamisi. Nilifunga banda mapema. Nilipika wali na maharage, nikaongeza nyama kidogo kwa sababu wiki mbili zilizopita Kandida alitania kwamba kwangu mtu anakula hesabu. Nilisafisha meza, nikapanga nyaya kwa rangi. Tulikuwa tumefika kwenye jaribio nililolisubiri sana: njia mbili kati ya ruta na ruta, unang'oa waya wa njia kuu huku kazi inaendelea, unatazama kama data inahamia njia ya akiba yenyewe. Jaribio la watu wawili. Mmoja anang'oa, mwingine hapepesi macho kwenye skrini.

Ujumbe uliingia chakula kimeshapoa.

"Dada Sabi tumeteremka na Tabi na sanduku kwenda kwake, aliomba kuendewa. Tutaongea."

Nilisoma mara kadhaa nikitafuta neno "samahani". Halikuwemo.

Nilikula peke yangu. Nyama ilikuwa nzuri, na hiyo ndiyo iliyonikera zaidi.

Ijumaa nilifanya kazi kama mtu aliyemeza jiwe. Mama mmoja alileta simu iliyoingia maji ya kuoshea kahawa, nikamjibu vibaya, akaniangalia, akasema, "Mwanangu, nani kakuudhi mapema hivi?" Nikamtengenezea bure. Hasara juu ya hasara.

Jana Jumamosi niliteremka.

Asubuhi hapa tulikuwa na makoti na masweta. Nilipofika ziwani sweta lilikuwa mkononi na mgongo umelowa. Basi dogo lilinifikisha lilipoishia, bodaboda akanimalizia. Nilijitayarisha njiani. Nilikuwa na maneno ya Tabitha, makali, yaliyopangwa kwa mpangilio. Ningemwambia kuhusu zamu. Ningemwambia kuhusu watu wanaokuja na vyao kisha wanachukua na vya wenzao.

Tabitha alitoka nje ya nyumba ya walimu akifuta mikono, akapiga magoti kidogo.

"Shikamoo, dada Sabina."

Nina miaka thelathini na sita. Hakunikosea, ndivyo alivyolelewa. Lakini nyuma yake, mlangoni, alisimama Kandida ambaye ni mdogo kwangu kwa miaka mitatu tu, akiwa amevaa kanga ya mwenye nyumba, na niliona wazi kwamba huyo hasalimiwi shikamoo. Huyo ni Kandi. Mimi ni mtu mzima aliyekuja kudai vyombo.

"Marahaba," nikasema. Maneno yangu yote makali yakakosa pa kusimama.

Ndani niliona sanduku langu karibu na mlango. Limefungwa kwa mpira wa baiskeli, kwa fundo ambalo ninalifunga mimi tu, la kuzungusha mara tatu na kupitisha chini. Juu yake pana kikombe cha chai.

Hawakulifungua.

Tangu Alhamisi hawakulifungua. Walinichukulia zamu yangu, wakabeba kilo kumi na tisa mpaka ufukweni, kisha wakawasha laptopu.

"Sasa mmelileta la nini?" nikamuuliza Kandida.

"Dada Sabi na wewe! Mtu anaendaje ngokela bila jembe?" akajibu, anacheka. "Tumelileta kwa heshima."

Heshima ya kuwekea chai.

Niliketi ukingoni mwa kitanda, wao wakarudi mezani. Kwenye skrini kulikuwa na ruta kumi na mbili zimepangwa duara, na mistari kila upande. Kandida alikuwa akiizima moja, Tabitha anatafuta njia ambayo data imepitia, kisha wanabadilishana. Walikuwa wanaharibu na kutengeneza, wanaharibu na kutengeneza. "Saba imekufa, Tabi, saba imekufa!" Kicheko kilekile. Jaribio langu la Alhamisi, lile nililolipangia nyaya kwa rangi, wao walilifanya mara nyingi kabla hata chai haijapoa, kwa namna ambazo kwa vyuma vyangu vitatu nisingeweza kuzifikia.

Niseme ukweli, kwa sababu hapa ni mahali pangu pa kuusema. Njia yao ni bora kwa mtihani. Programu iliyomo ndani ya ruta zangu ni ya zamani, kuna mada mbili za mtihani hazizijui kabisa na hakuna namna ya kuzifundisha. Kandida alinieleza hilo mwanzoni kabisa. Nilimsikia. Niliamua kutosikia.

Lakini hilo silo lililoniuma pale kitandani. Mikono yangu haikuwa na kazi. Kwenye skrini hakuna waya wa kushika, hakuna kichwa cha kubana, hakuna feni ya kupuliza. Niliiweka mikono magotini kama mgeni wa msiba. Mtu mmoja akiwa na laptopu ile anajitosheleza. Wawili ni starehe. Wa tatu ni wa kupewa chai.

Tulipofika kwenye kugawa anwani nikapata pa kuingilia. Kati ya ruta na ruta unatumia mtandao mdogo kabisa, wa anwani nne. Ya kwanza ni jina la mtandao, ya mwisho ni ya kutangazia. Zinabaki mbili, moja kila upande. Nikasema, na sauti yangu niliisikia mwenyewe jinsi ilivyokuwa, "Hapo nafasi ni ya wawili tu. Wa tatu hata akija na laptopu yake hana pa kukaa."

Kandida hakugeuka hata. "Basi panua, dada. Chukua wa anwani nane, wanaingia sita. Unabania nini?"

Tabitha alicheka, kisha akaniangalia, akaacha kucheka.

Mchana alituwekea ugali wa muhogo na mbasa wa kuchoma, samaki mkubwa, mafuta yanamtiririka. Nimekula samaki wengi waliopanda mlima kuja Mbinga wakiwa wakavu kama soli. Yule hakuwa hivyo. Nilikuwa nimekuja kugombana na nikaomba nyongeza.

Kandida alipotoka kupokea simu, Tabitha akaniuliza, taratibu, kama mtu anayekanyaga gizani. "Dada, kuna kitu nimekosea?"

Nikamwambia. Si kwa ukali niliouandaa. Samaki alikuwa ameuchukua. Nikamwambia kwamba Alhamisi ilikuwa zamu yangu. Kwamba kwetu mgeni analima kwanza kwa wenzake, zamu ya kwake inakuja mwisho.

Aliweka tonge chini.

"Mungu wangu. Sikujua, dada. Huku kwetu wavu ukivutwa ufukweni, yeyote anayekuja akashika kamba anapewa samaki palepale. Hata awe mpita njia. Mimi nilishika waya kwa Kandi ile jioni, nikaona nimeshaingia. Nikauliza tu, mnakuja lini kwangu? Akasema wiki hii."

Akasema wiki hii.

Nilimwangalia msichana yule na nikaona sina ugomvi naye. Alishika kamba, akadai samaki wake. Kwao hiyo ni haki kamili. Akaniuliza, "Sasa nije lini kulima kwako?" na alimaanisha, alikuwa tayari kufunga begi.

Ilikuwa heri angekuwa mbaya. Wivu wenye adui una mahali pa kukaa. Huu wangu ulibaki umesimama katikati ya chumba, haujui ukae wapi, mpaka ukamwona Kandida akirudi kutoka kwenye simu.

Tabitha hakujua. Kandida ni Mmatengo, amezaliwa kwenye ngokela, amelimiwa shamba lake kwa ngokela. Alijua sheria zote mbili. Akachukua ile ya kwanza, anayeomba hanyimwi, akaipeperusha. Ile ya pili akaikalia.

Nilimwita nje. Watoto walikuwa wanaanika usipa, dagaa wa huku ziwani, kwenye vichanja, harufu imejaa.

"Ulijua ni zamu yangu?"

"Dada Sabi, usianze."

"Sijaanza. Nauliza ulijua."

"Nilijua." Akatazama maji, si mimi. "Wewe kila kitu unakihesabu. Zamu, giga, wati, mpaka nyama unapima. Kwa Tabi napumzika. Ni hivyo tu."

"Na kazi yetu? Ile ya kufungua?"

Akavuta kanga begani. Ile kanga isiyo yake. "Tutaongea."

Nimezijua mashine nyingi zinazojibu hivyo. Unazipigia, taa inawaka, na hakuna kinachorudi. Fundi anayejiheshimu hasubiri mbele ya taa.

Nilibeba sanduku. Tabitha akashika mshikio wa pili bila kuambiwa, tukalifikisha barabarani, akaliweka kwenye bodaboda kwa uangalifu kuliko nilivyotarajia. Kandida alibaki mlangoni, akapunga mkono. Alisema angepanda leo, Jumapili. Kama amepanda, hajapita kwangu.

Leo baada ya misa nilifungua fundo langu na kuwasha vifaa. Nikalifanya lile jaribio peke yangu. Ping, ule ujumbe mdogo wa kupima njia, inakwenda kwenye skrini, mstari baada ya mstari. Nikainama, nikang'oa waya wa njia kuu, nikaruka kurudi kwenye kiti. Data ilikuwa imeshahamia. Nilikuta imetulia, kama haikuguswa. Nikarudia. Nikaweka laptopu karibu zaidi, nikarudia tena, nikajipiga goti kwenye meza. Kila mara nafika jambo likiwa limeshapita. Naona kabla na naona baada. Kile cha katikati, kile ninachokisomea, kinataka macho ya mtu mwingine.

Nilikaa na goti langu nikafikiri kifundi, maana kulia hakunifai kitu na vidole vya baridi havishiki vizuri.

Kule Songea kuna muuzaji ambaye ameniwekea vitu viwili. Cha kwanza ni ruta ya tatu, mpya kuliko zangu, inayozijua zile mada mbili. Nikiichukua, nina pembetatu kamili ya vyuma, na naweza kufanya karibu kila kitu cha mtihani, na karibu kila kitu ambacho mteja wa kweli atakuwa nacho ukutani. Cha pili ni kompyuta kuukuu ya mezani yenye giga kumi na sita. Nikiichukua, nawasha ruta kumi na mbili kama za mtu fulani, zinakula giga sita, mfumo unachukua zake, bado nabakiwa. Kelele hakuna. Bei zimepishana kidogo sana, haziwezi kuniamulia. Vyote viwili siwezi.

Nimelala na swali hili siku tatu nikidhani ni swali la vifaa. Kipi kinafundisha zaidi, kipi kinakula umeme zaidi, kipi kitauzika nikimaliza.

Silo.

Vyuma ni karakana ya watu wawili. Mmoja anang'oa, mwingine anatazama. Sanduku lina mishikio miwili. Ruta ya tatu nikiinunua nikiwa peke yangu nimenunua chuma cha kuwekea chai, kama wengine. Kompyuta ya giga kumi na sita ni karakana ya mtu mmoja. Haihitaji mtu amshikie mtu kitu. Nikiinunua, nitafaulu. Nina hakika nitafaulu, nimezipiga hesabu na nimejua uwezo wangu. Nitafaulu, nitaandikisha kazi kwa jina moja, na nitatandaza nyaya zangu kutoka hapa mpaka ufukweni, mimi na kijasho changu kama nilivyoanza.

Siitaki hiyo. Nimeandika, basi. Siitaki.

Wala simtaki Kandida anayenipungia mkono kutoka mlangoni kwa mtu.

Kandida, najua unasoma hapa. Huwa unaniambia makosa yangu ya kuandika siku ya pili yake. Kwa hiyo sasa naongea na wewe, si na shajara.

Tabitha namkubali. Aje, alime kwangu, nimpikie. Na yeye ana mikono mizuri. Hesabu zangu nitazipunguza sauti, siahidi kuziacha. Nyama sitaipima mbele yako. Laptopu yake tutaitumia kwa zile mada zinazotaka ruta nyingi, sitanuna. Nitanuna kidogo.

Lakini sikuulizi habari za Tabitha, wala za nani ana giga ngapi. Nakuuliza kazi yetu, ile yenye jina ambalo sijaliandika hapa. Bado ni yetu, mimi na wewe, au umeshaiteremsha nayo Kihagara?

Muuzaji amesema ananishikia vitu vyake mpaka Jumatano saa kumi jioni, baada ya hapo anampa mwingine. Nitampigia saa kumi kamili. Nikipata ndiyo yako nitachukua ruta. Nikipata hapana nitachukua kompyuta. Saa kumi ikifika hujanijibu nitahesabu ni hapana, na sitakuuliza tena.

Ndiyo, au hapana?